Majina ya Watu kwa Herufi za Kijapani

Mji wa Tunduma uko mpakani, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita papo hapo kuingia Nakonde katika nchi ya Zambia. Magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani hupitishwa hapo kwenda Zambia na Kongo, na mengine yangali na maandishi ya wenyewe ubavuni. Watoto huyatazama wakayaita michoro. Si michoro, ni herufi. Tena herufi hizo zaweza kuliandika jina la mtoto yeyote wa Vwawa au Ileje, ijapokuwa huligeuza kidogo.

Wajapani wana namna tatu za herufi, nao huzitumia pamoja. Ya kwanza ilitoka Uchina, na kila alama ina maana yake. Zile zilizowekwa kwa matumizi ya kila siku ni 2,136 tangu mwaka 2010. Mwanafunzi anung'unikaye juu ya a, be, che na afikiri hilo. Namna mbili nyingine hazina maana, bali sauti tu, na kila moja ina alama 46. Moja yao huitwa katakana. Watawa wa dini ya Buda waliianzisha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa kutwaa vipande vya herufi za Kichina, wapate kuandika upesi kando ya maneno ya vitabu vyao. Hiyo ndiyo itumikayo kwa majina ya wageni.

Katika katakana alama moja ni silabi nzima: ka, ki, ku. Nacho Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwa irabu. Kwa hiyo Maria huandikwa kwa alama tatu, マリア, yaani ma, ri, a, wala hapana kilichoongezwa. Mwingereza aitwaye Grace hana bahati hiyo. Yeye huwa Gureisu. Katika Biblia ya Kijapani Yohana ni Yohane, Yakobo ni Yakobu, naye Yosefu ni Yosefu vile vile. Mtu aweza kudhani walimu wa kwanza walishuka katika merikebu moja. Kumbe Padre Francis Xavier alifika Kagoshima mwaka 1549, nao Wamoravia walijenga Mbozi mwaka 1899! Ni kwamba huko na huku watu waliyapokea majina mageni wakayavika irabu zao.

Walakini Lazaro huwa Razaro, kwa kuwa Wajapani hawatengi l na r. Wana sauti moja iliyo kati ya hizo. Wenye kucheka na wacheke taratibu, kwa maana hata barani wako wasemao «kura» kwa «kula». Nao mji wa Mbeya huandikwa Mubeya.

Taabu kubwa zaidi ni ile ya tu. Litwae jina la Kinyakyusa Atupele, maana yake Ametupa. Kijapani cha asili hakina tu, mahali pake pana tsu. Mwandishi mvivu ataandika Atsupere. Aliye mwangalifu ataandika «to» kubwa na «u» ndogo pembeni, アトゥペレ, na mwenye jina ataitika. Lakini msomaji wa Kijapani atapata sauti tu. Shukrani ya wazazi hataiona.

Tena afuatwe mwenye jina, wala si tahajia. Kijana aliyebatizwa David, na kwao huitwa Devidi, karani wa Japani aweza kumwandika Deibiddo kama Mwingereza. Hili si neno dogo. Benki za huko hulinganisha jina la mwenye akaunti kwa katakana. Akiandikwa hivi chuoni na vingine benki, fedha aliyopelekewa yaweza kurudi ilikotoka, naye akakosa ada.

Wako wageni watamanio kuandikwa kwa herufi za Kichina. Si desturi katika karatasi za kazi, bali kwa zawadi hupendeza. Maria aweza kuandikwa 真理亜, na alama mbili za kwanza pamoja ni neno «ukweli». Lakini alama zisomekazo ma ni nyingi, na moja yao maana yake ni pepo mbaya. Na kwa sikio zote ni sawa.