Tuta la Bibi

Kaoze iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, chini ya Sumbawanga kwa takriban mita elfu moja. Anayeshuka kutoka uwanda wa juu, iliko Sumbawanga, kwa barabara ya Ntendo–Muze huvua sweta kabla hajafika chini. Udongo nao hubadilika: kwetu kwenye mbuga ni mfinyanzi mweusi, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Mpunga unaupenda. Mche ulio ndani ya kopo hauupendi hata kidogo.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1980, milimao na maua yote ya barazani tulipanda katika udongo huo. Jua likikolea, donge zima lilinywea likaachana na kuta za kopo, na maji ya jioni yakapita pembeni hadi chini bila kuigusa mizizi. Majani yalianza kugeuka manjano, ya chini kwanza, kisha yakapukutika. Tulidhani ni ugonjwa, kumbe mche ulikuwa na kiu huku kopo likivuja maji.

Miaka hiyo Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na mbolea ya chumvichumvi ilikuja kwa ruzuku. Punje zake zikaingia hata kwenye makopo ya maua. Mche ambao mizizi yake imekwisha kujizungusha ukipewa chumvi hiyo, ncha za majani huungua. Ruzuku ilipoondolewa miaka ya 1990, mfuko wa mbolea ukawa kitu cha kufikiria mara mbili.

Wakati huo ndipo bibi, mzaa mama, alipohamia kwetu kutoka uwandani. Yeye alikulia kwenye intumba. Masika yanapokaribia kwisha, nyasi zikiwa ndefu, Wafipa, wenyeji wa uwanda huo, huzifukia kwa udongo na kutengeneza matuta ya duara, ndiyo intumba. Nyasi huoza humo, maharage hupandwa juu, na msimu unaofuata tuta husambazwa kwa ajili ya ulezi au mahindi. Wabemba wa Zambia, wenye miti, hukata matawi na kuyachoma kupata majivu. Wafipa, wenye nyasi kuliko miti, huozesha. Nauona ni utaalamu mkubwa kabisa, nao haujapewa heshima yake.

Bibi akafukia nyasi nyuma ya jiko. Udongo ulipoiva, ukawa mweusi na wenye kumomonyoka mkononi, akaniita jioni moja jua limepoa. “Mjukuu wangu, lete huo mlimao unaoulilia.” Aliumwagilia kwanza, akaacha maji yazame, kisha akalikata kopo ubavuni badala ya kuvuta shina. Mizizi ilikuwa imejiviringisha kama kamba. Akaikata iliyooza, akailegeza iliyobaki kwa vidole. Katika ndoo kuukuu yenye matundu akachanganya udongo wa tuta, mchanga wa mtoni na kiasi kidogo cha mfinyanzi wa mbuga, maana mche ungeishi mbugani na ilifaa uanze kuuzoea. Hakufukia shina kupita pale lilipokuwa limefikia awali. Akapunguza matawi, kwa kuwa mizizi michache haiwezi kunywesha majani mengi. Mbolea alikataa katakata hadi machipukizi yatoke. Ndoo ikakaa chini ya mwembe, na machipukizi yalitoka.

Siku hizi juu uwandani plau za ng'ombe na matrekta zimelima sehemu nyingi nilizoziona zikiwa na matuta. Makopo nayo yameviachia nafasi viriba vya nailoni, na kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ni agizo jema, lakini mche uliokawia kwenye kiriba hujizungusha mizizi vilevile, na kuupanda na nailoni yake, jambo ninaloliona kila msimu, ni kuuzika. Chana kiriba, legeza mizizi, andaa shimo mapema. Mimi hufukia nyasi Machi. Mvua za kwanza zikinyesha Novemba au Desemba, udongo wa miembe yangu huwa tayari.