Mpira Ulitoka

Ndugu msomaji, kabla sijaingia kwenye habari yenyewe naomba nikiri jambo moja: mimi si mtu wa mpira. Mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018, matokeo hayakuniruhusu kuendelea, nikarudi nyumbani hapa Nduguti kukalia cherehani ya mama. Mchana nashona sare za shule na magauni ya harusi, usiku naandika riwaya. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawaambia hiyo ya mchana tu. Ukisema wewe ni mwandishi huku kwetu utaulizwa, unaandika nini, barua?

Riwaya yangu inahusu msafara uliobeba maiti ya David Livingstone. Mzee huyo alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari wakaikausha maiti, wakaibeba kwa miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874. Chuma na Susi wanajulikana, hata vitabu vya shule vinawataja. Mimi namtaka Halima, mwanamke aliyekuwa mpishi wa mzee. Nataka kujua alibeba nini kichwani siku ile walipoondoka. Basi nimekwama hapo, ukurasa wa 31, mwaka wa pili sasa.

Usiku mmoja nikawa natafuta habari za Livingstone kwenye simu, bando likiwa linakaribia kuisha, nikaangukia Livingstone nyingine kabisa. Kumbe kuna chuo Marekani kinaitwa jina la mzee huyo. Kiko mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Kilianzishwa mwaka 1879 na kanisa la watu weusi, utumwa ukiwa umekomeshwa kule miaka 14 tu kabla yake. Ni chuo hicho hicho alichosoma na kufundisha Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yule aliyesifika kwa hadithi ya tai aliyelelewa na kuku, na ambaye mwaka 1924 alifika hadi Tanganyika yetu pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Nikasema mh! dunia hii ni ndogo. Nikaendelea kusoma, na hapo ndipo nilipokutana na mpira.

Si mpira huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, wa kukumbatia mpira wenye umbo la yai na kukimbia nao huku wenzio wanakurukia. Mchezo huo ulizaliwa vyuoni. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers wakaifunga Princeton 6 kwa 4, kila upande una watu 25, na siku hiyo walicheza kwa namna iliyokaribia kandanda kuliko mchezo wa leo. Baadaye ziliingia sheria za raga, kisha Walter Camp wa chuo cha Yale akazigeuzageuza miaka ya 1880 mpaka ukawa mchezo wa peke yake, watu 11 kwa 11. Bao lao kubwa halina nyavu. Ni mtu kuuvusha mpira mstari wa mwisho.

Sasa, vyuo vya watu weusi vilikuwa havijachezeana mchezo huo hata mara moja. Walioanza ni Biddle University ya mji wa Charlotte, ambayo tangu 1923 inaitwa Johnson C. Smith. Vijana wa Biddle walijifunza mchezo kwa miaka miwili hivi wakicheza wenyewe kwa wenyewe, kisha wakatafuta mpinzani. Mpinzani akawa Livingstone, timu iliyoundwa mwaka huo huo. Siku ikapangwa: tarehe 27 Desemba 1892, kwenye uwanja wa nyasi mbele ya chuo cha Livingstone.

Hawakuwa na kitu. Wachezaji wa Livingstone walichangishana wakanunua mpira mmoja. Viatu vyao vya kila siku ndivyo walivyopigilia vyuma vya kushika ardhi, na mechi ikiisha wanavibandua. Na jezi? Jezi zilishonwa na wasichana wa chuo, katika darasa la ushonaji.

Hapo niliiweka simu chini. Nikaitazama cherehani ya mama.

Ndugu msomaji, mwaka 2017 shule yetu ya kata iliunda timu yake ya kwanza ya mpira. Jezi nilishona mimi. Tulinunua fulana nyeupe za mtumba, na namba za mgongoni nilizikata kutoka kwenye sketi za sare zilizochakaa. Namba saba niliishona mara mbili kwa sababu ilikuwa ya kaka yangu. Hiyo ndiyo historia ya awali ya timu yetu, na sijui kama kuna mtu mwingine ameiandika popote.

Turudi Salisbury. Theluji ilianguka siku ile. Biddle wakapata bao. Baadaye mchezaji wa Biddle akaupoteza mpira, kijana mmoja wa Livingstone aitwaye William Trent akaudaka na kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Wenyeji wakashangilia. Lakini Biddle wakasimama wakasema hapana, mpira aliuokota ukiwa umeshatoka nje. Nje wapi? Mistari yote ilikuwa imefunikwa na theluji! Mwamuzi akawasikiliza Biddle, akalikataa bao. Mechi ikaisha 5 kwa 0. Hiyo ndiyo inayohesabiwa hadi leo kuwa mechi ya kwanza baina ya vyuo vya watu weusi Marekani, na ndani yake kuna swali ambalo theluji ililifunika, halitafunuliwa tena.

La kwetu mimi nalijua jibu lake.

Ilikuwa Machi 2017, mvua za masika. Tulicheza na shule jirani, na wazee walikuwa wamechanga mbuzi kwa atakayeshinda. Mistari ilichorwa kwa majivu asubuhi, mchana ikanyesha, majivu yakaenda na maji. Wasichana tulikaa karibu na kona, mimi mbele kabisa, hatua moja nyuma ya mahali mstari wa goli ulipokuwa. Zikiwa zimebaki dakika chache, bado bila kwa bila, kaka akaambaa na mpira upande wetu. Ukamponyoka. Ukaviringika ukaja ukagusa kiatu changu. Yaani ulinigusa mimi, niliyekaa nje! Kaka akauvuta kwa kisigino, akaumimina katikati. Kipa wao alikuwa ameshasimama na mkono juu, akisema umetoka. Wenzetu wakafunga kwa kichwa, goli tupu.

Vurugu ikaanza. Mwamuzi, mwalimu wa shule nyingine, alikuwa mbali, na upande ule hapakuwa na mshika kibendera. Akaja mpaka tulipokaa. Akaniangalia mimi.

“Binti, wewe ulikuwa hapa. Mpira ulitoka?”

Kaka alikuwa nyuma yake, fulana imelowa, ile namba saba niliyoishona mara mbili imeanza kubanduka. Hakusema neno. Alinitazama tu.

Nikajibu, “Haukutoka, mwalimu.”

Tulishinda 1 kwa 0. Mbuzi tulimla. Mimi nilipewa kipande cha ini kama shukrani ya jezi, nikala, na sitasema kwamba kilinishinda kumeza. Kilikuwa kitamu.

Lakini mtu mmoja hakuisahau siku ile, yule kipa. Wenzake walimlaumu: kipa gani anasimama kabla ya filimbi? Leo ni dereva wa bodaboda hapa hapa Nduguti, na mpaka leo akiudhiwa kidogo huanza upya: “Ule mpira ulitoka.” Basi vijana wa kijiweni wamempa jina, wanamwita Ulitoka. Watoto wadogo waliozaliwa baada ya mechi ile wanamwita hivyo bila kujua maana yake. Nimepanda pikipiki yake mara nyingi nikiwa na furushi la vitambaa mapajani, nikasikia wanavyomtania, nikanyamaza. Mara moja nilicheka nao.

Usiku ule wa Livingstone nilisoma kwamba yule Trent aliyenyimwa bao alikuja kuwa mkuu wa chuo hicho hicho kuanzia 1925 hadi 1957. Miaka 32! Nikafurahi kwa ajili yake. Kisha nikajiuliza, kama asingekuwa mkuu, angekuwa nani? Pengine angekuwa mzee mmoja wa Salisbury anayesema kila mwaka theluji ikianguka kwamba lile lilikuwa bao, na vijana wanamcheka. Na wale wasichana walioshona jezi, ambao majina yao sikuyakuta katika simulizi, pengine mmoja alisimama pembeni siku ile akaona mpira ulipookotwa. Hao hakuna aliyewauliza. Mimi niliulizwa.

Nikampigia kaka, yuko machimboni Geita.

“Kaka, ule mpira wa mechi ya mbuzi.”

Akanyamaza. Halafu akacheka. “Mdogo wangu, hayo mambo ya zamani achana nayo. Andika riwaya yako.”

Lakini ndiyo hiyo riwaya isiyoandikika! Kila nikimshika Halima nitake aseme ukweli wa msafara, namwona amekaa kwenye kona ya uwanja na kiatu chenye tope.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nakwenda mnadani. Nilimwita yeye kwa jina lake halisi, akageuka kwa mshangao. Tulipofika nikashuka, nikamwambia kabla sijatoa pesa. Nilimwambia ulinigusa kiatu, kiatu cha kushoto. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa.

Alizima pikipiki. Akatazama barabara, ng'ombe wakipita, vumbi jekundu.

“Mimi nilijua,” akasema. “Ila miaka hii ya mwisho nilianza kudhani labda niliona vibaya.”

Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba aseme hivyo. Nilimwambia nitaandika, na kwamba watu wa kijiweni nitawasomea mwenyewe kabla ya magazeti ya watu wa mbali. Akasema sawa, lakini nisitie chumvi. Kisha akanyoosha mkono akachukua nauli yake, elfu moja kamili, akawasha pikipiki akaondoka.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kijiweni, na wewe msomaji usiyetujua: Machi 2017, kona ya kusini, dakika za mwisho. Mpira ulitoka.