Supra ao Skyline? Vijana wa Goma na magari ya mbio

Goma, Kivu ya Kaskazini. Ukitaka kuwasha moto kati ya vijana wanaopenda magari hapa kwetu, uliza tu: Supra ao Skyline? Wengi hawajaziona gari hizo kwa macho, wanazijua kwenye telefone. Lakini ukiwasikiliza, utasema wanalala ndani yake.

Kwenye garaji moja ninapopenda kupita, mmoja anatetea Supra ya 1993 yenye moteri 2JZ, silinda 6 na turbo 2. Mwingine anamjibu: "Yaya, Skyline GT-R inasukuma magurudumu yote 4. Kwa matope yetu hiyo Supra yako itabaki palepale!" Mimi nawachokoza kwamba kampuni za Japani zilikuwa zimepatana zisitangaze nguvu kupita farasi 280, mapatano yaliyodumu hadi 2004. Wanacheka. Kila mmoja anajua kwamba ukibadilisha turbo, bomba la moshi na kompyuta ya moteri, farasi zinaongezeka sana.

Gari wanalolijua kwa mikono ni Subaru Impreza. Fundi, mzee wetu pale, anakumbuka Colin McRae akishinda Safari Rally ya Kenya 1997 na Impreza. Vijana wanaposema wanataka kushusha gari lao liguse chini kama la Tokyo, anakasirika. Magari ya Safari yaliinuliwa, anasema, hayakushushwa! Na kweli, kwa mawe haya ya volkano, gari la kushushwa litatoboka chini na kumwaga mafuta ya moteri kabla ya kufika sokoni.

Kati yao kuna kijana anayeosha magari. Familia yake ilikimbia vita kutoka Rutshuru, wakaishi kwenye kambi ya Kanyaruchinya, karibu kabisa na barabara. Anaweza kutambua Impreza kwa sauti tu. Siku moja wengine walipokuwa wanahesabu farasi, akauliza polepole: "Na freni?" Akatueleza kwamba kule kambini, gari la mbio likisikika usiku, mama yao alikuwa anawavuta watoto ndani ya hema.

Mimi nampa haki. Kongo tunaendesha upande wa kuume, na magari mengi ya Japani yana volani upande uleule wa kuume. Dereva akitaka kupita lori, inabidi atoe karibu gari lote katikati ya barabara ndipo aone anayekuja. Na anayekuja ni nani? Ni motari na abiria 2, ni chukudu iliyojaa makaa, ni mama mwenye bidoni la maji mgongoni. Ukizidisha vitesi mara 2, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga freni unazidi karibu mara 4. Turbo haiwezi kukusaidia pale.

Tangu siku ile fundi anamfundisha kijana yule kazi ya freni. Juzi walifungua magurudumu ya mbele ya Impreza ya mteja. Plaketi zilikuwa zimeisha, imebaki chuma juu ya chuma. Mwenye gari alikuwa amekuja kuuliza bei ya turbo.