Mama wa nyanya na sekunde zangu saba

Wasee, kuna klipu yangu moja imenikosesha usingizi. Tangu niache chuo, hizi klipu fupi za kujirudia ndizo zinanilipia bando. Ujanja ni mmoja tu: kata mwisho ushikane na mwanzo, mtu asijue imerudi. Akija kushtuka, ameitazama mara nne. Vine ilianza hivyo 2013, sekunde 6 pekee. Ilifungwa 2017, lakini mchezo wenyewe bado tuko nao kule TikTok.

Sasa, siku hiyo Saboti mvua ilikuwa imenyesha, na matope yetu unayajua. Mama mmoja anashuka kwa boda na karai la nyanya, anateleza, nyanya zinatapakaa. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nikakata pale anapogusa chini, nikaunganisha na pale anaposhuka. Kufika jioni simu ilikuwa inalia kama kuku aliyetaga.

Kitu sikuonyesha ni kwamba aliinuka. Akacheka, akamgombeza yule wa boda kidogo, sisi wote tukamwokotea nyanya. Hiyo yote ilikuwa sekunde ya nane kwenda mbele.

Juzi nikapita kibandani kwake. "Kijana, kumbe ni wewe unaniangusha kila siku? Mtoto wangu shuleni sasa anaitwa Nyanya." Hakupaza sauti. Nikasema pole mama. Akanipimia za hamsini, akaongeza mbili kama kawaida yake.

Nimeifuta. Lakini watu walishaihifadhi. Jana usiku nimeiona kwa status ya binamu yangu wa Bungoma, bado anaanguka.