Mifuko Myeusi ya Kutztown

Leo twende pamoja mpaka Marekani, katika jimbo la Pennsylvania. Karibu na muji mudogo wa Kutztown kuna shamba la Rodale Institute, shirika lililoanzishwa mwaka 1947, linalofundisha kulima bila mbolea ya kiwanda.

Katika miaka ya 2000, mutaalamu David Douds na wenzake walipanga pale mifuko myeusi ya plastiki, inje, juani. Walitaka kukuza kuvu ndogo sana. Si bowa ya kula! Hizi zinaishi ndani ya mizizi, na nyuzi zao zinaenda mbali udongoni kuletea mumea fosforo. Mumea nao unazilipa sukari.

Angalia vizuri: mboji peke yake haizikuze. Pasipo muzizi muzima zinakufa njaa. Kwa hiyo walipanda majani ya bahia yenye kuvu tayari. Tena mboji ikizidi, fosforo inakuwa mingi, na muzizi hauhitaji tena rafiki. Basi waliipunguza na vermikulite, madini nyepesi sana.

Baridi kali ilipoua majani, kuvu zilibaki katika mizizi. Kisha baridi, udongo ule ulichanganywa na ule wa miche, sawa ya pilipili. Kabichi haifaidike, mizizi yake haipokee kuvu hizi.

Mukulima akifanya hivi, hanunue kuvu dukani. Nawe, kisha kuvuna, usiache shamba wazi. Panda hata maharagwe: kuvu zako ziko udongoni, zinangoja muzizi.