Mwalimu Mkuu na Fedha za Shule

Wasomaji wetu wengi ni wazazi, na vijana wanaotusoma wengi wao wako shuleni. Basi jambo la mwezi huu lawahusu wote. Mara nyingi twasikia mwalimu mkuu akilaumiwa: madawati yamevunjika, paa lavuja, watoto washinda na njaa, na huku fedha za serikali zaja kila mwezi. Watu huuliza, "Zinakwenda wapi?" Swali hilo ni haki kuulizwa, kwa kuwa fedha za shule ni amana. Lakini anayeuliza yampasa ajue kwanza ni fedha kiasi gani.

Tumepata kutembea katika vijiji vya Mbeya na Iringa, tukakaa na walimu wakuu, nao wakatufungulia vitabu vyao vya hesabu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Siku zile shilingi hizo zilikaribia dola 10 za Marekani. Leo dola 10 zapita shilingi 20,000. Serikali ilipoanza elimu bila malipo Januari 2016, kiwango kilikuwa kile kile, ila fedha zikawa zapelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule kila mwezi. Tena katika hizo 10,000, shilingi 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu; zilizofika shuleni ni 6,000.

Haya, tupige hesabu. Shule ya kijiji cha mlimani yenye watoto 200 hupata shilingi 1,200,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za majaribio, kufuli, matengenezo, na nauli ya mwalimu kwenda halmashauri. Shule ya mjini yenye watoto 1,200 hupata 600,000. Walakini kufuli haliuzwi kwa bei ndogo kwa sababu shule ni ndogo, wala mlinzi wa watoto 200 halindi nusu ya usiku. Na mwaka huo huo wa 2016 mwalimu mkuu alianza kupewa posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi. Ndiyo kusema kwamba katika shule kama hiyo posho ya kiongozi ni mara mbili ya fedha anazoziongoza! Hatusemi posho hiyo ni kubwa. Kazi yake twaijua. Twasema mfuko ni mdogo mno.

Fedha zenyewe, hata zikiwa chache, haziko huru. Mwongozo umezigawa mafungu: hili la utawala, hili la mitihani, hili la ukarabati. Katika kijiji kimoja cha Mufindi upepo uling'oa bati mbili juu ya darasa la pili. Kamati ya shule ikakaa. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, chukua za mitihani ununue bati. Mtihani hauzuii mvua." Mwalimu akajibu kwa adabu, "Mzee wangu, nikifanya hivyo mkaguzi atanikuta na kosa, hata bati likiwa limekwisha kupigiliwa." Wakabishana hadi adhuhuri. Mwisho waliamua darasa la pili lisome mchana katika chumba cha darasa la kwanza, mpaka fungu la ukarabati la miezi mitatu litimie, na mafundi wa kijiji watoe nguvu zao bila malipo. Uamuzi huo haukumpendeza mtu. Sisi twaona ulikuwa sawa, kwa kuwa kila aliyekuwapo alijua sababu yake.

Jambo zito kuliko bati ni chakula. Ruzuku hiyo haitoshi kumlisha mtoto wa kutwa. Kazi hiyo imebaki kwa wazazi. Lakini Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, kwa kuwa wako walioigeuza michango kuwa ada, wakawafukuza watoto wa maskini. Katazo hilo lilikuwa na haki yake. Ila walimu wakuu wengi waliingiwa na hofu hata ya kutaja mahindi, na wazazi wakapata neno la kujibu: "Mwalimu, si tumeambiwa elimu ni bure?" Basi mtoto huondoka nyumbani alfajiri katika baridi ya Juni, hurudi alasiri tumbo tupu, na jioni twamtaka chuoni ahifadhi sura.

Tena iko kalenda. Shule hufunguliwa Januari, na vikao vingi vya wazazi huitishwa wakati huo. Lakini katika Nyanda za Juu Januari ni mwezi wa dhiki: mahindi yako shambani mabichi, ghala latazama chini, na fedha iliyopo imekwenda kwenye mbolea. Mavuno ni Juni hadi Agosti. Anayeomba debe la mahindi mwezi wa Januari amewaomba watu wasicho nacho. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliweka akiba miaka ya neema, hakungoja njaa ifike.

Shule moja ya Mbeya tuliyoizuru ilikihamishia kikao chake Julai. Wazazi wenyewe walikubaliana debe moja la mahindi na sado moja ya maharage kwa kila mtoto. Mwalimu mkuu hashiki mahindi wala fedha. Daftari liko kwa katibu wa kamati, na ghala lina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mama mmoja mjane, wa pili kwa mwenyekiti. Mahindi yametiwa dawa ya dumuzi. Asiye na mahindi huleta kuni au hupika kwa zamu. Tulipofika Februari, makande yalikuwa bado yapo jikoni. Nyumba tatu zilikataa kutoa chochote, na kamati iliamua watoto wao wale pamoja na wenzao. Baadhi ya waliotoa wananung'unika hata sasa, nao mwalimu mkuu ameliandika neno hilo liwe la kwanza katika kikao cha Julai ijayo.