Kupanda Lushoto na Mwongozo wa Linux

Kilichonipeleka Lushoto ni sura ya kwanza ya mwongozo wetu. Sura hiyo inaeleza faili ni nini na folda ni nini, anwani ya faili inasomwaje kuanzia mzizi hadi mwisho, na kwa nini Linux huona "Barua" na "barua" kuwa vitu viwili tofauti. Baadhi ya wenzangu katika kikundi chetu kidogo cha kujitolea walitaka iondolewe, na hoja yao ilikuwa na uzito: mwongozo umenenepa, kuchapa ni gharama, na nani leo asiyejua folda? Kurasa zake zikapigwa mstari mwekundu. Kabla ya kuzikata tukakubaliana kwamba mmoja wetu aipeleke rasimu kwenye shule inayohamia Linux, akae nyuma ya darasa, atazame inavyosomwa. Zamu ikaniangukia mimi, mtu wa Tanga mjini ambaye milima ya Usambara nilikuwa naisikia tu kwa wauza matunda.

Basi lilitoka stendi ya Kange alfajiri. Muheza, Segera, Korogwe, mkonge kulia na kushoto, joto likipanda pamoja na jua. Mombo tukaiacha barabara kuu, na hapo ndipo safari ilipobadilika. Gari likaanza kupanda kona kwa kona, jabali upande huu na bonde upande ule, dereva akipiga honi kila mahali asipoona mbele. Tulipofika Soni, penye maporomoko, hewa iliyoingia dirishani haikuwa tena ya pwani. Mama aliyekaa kando yangu akatoa sweta kwenye kapu lake, akanitazama na shati langu jepesi. "Mwanangu, hukuambiwa kwamba huku kuna baridi?" Sikuambiwa. Kila niliyemuuliza habari za Lushoto alikuwa mwenyeji, na mwenyeji hakumbuki kutaja baridi.

Shule iko juu kidogo ya mji. Chumba cha kompyuta kina mashine za mezani zilizotolewa msaada, nzima kabisa, ila ni za zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 inadai kichakataji kipya na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine hizo hazina. Kununua nyingine hakukuwa na bajeti. Ndiyo maana shule ikaamua kuweka Xubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, mfumo usiolipiwa na usiozisumbua mashine kuukuu.

Mlezi wa chumba hicho ni mwalimu wa Jiografia. Alinipokea kwa "pole na safari" na chai ya tangawizi, akaichukua rasimu, akaifunua moja kwa moja kwenye sura ya nne. "Hiyo ya kwanza nimeiona," alisema, "hayo ya folda nayajua." Alikuwa na haki ya kusema hivyo; ametumia kompyuta miaka mingi. Nikakaa nyuma na daftari langu.

Alitaka kuweka Marble, programu inayoonyesha dunia kama tufe unaloweza kulizungusha, itakayomfaa sana kwenye somo lake. Rasimu ilikuwa na mstari mmoja: $ sudo apt install marble. Akauandika wote, pamoja na alama ya dola. Terminali, dirisha la kuandikia amri, ikajibu kwamba haiijui amri iitwayo $. Waandishi wa miongozo ya Linux huiweka alama hiyo kuonyesha mahali amri inapoanzia, nayo huwa tayari iko kwenye skrini, mtumiaji haiandiki. Akaifuta, akarudia. Mashine ikaomba nywila. Akaanza kuandika, na skrini haikuonyesha kitu: si herufi, si nyota, si kidoto. Akasimamisha vidole. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Kisha akainama chini ya meza kukagua waya wa kibodi.

Waya ulikuwa salama. Kwenye mfumo ule sudo, amri inayoomba ruhusa ya msimamizi, haionyeshi chochote nywila inapoandikwa, ili aliye nyuma yako asijue hata idadi ya herufi. Linux Mint, mfumo mwingine wa familia hiyo, iliona usumbufu huu ikaamua kuonyesha nyota, lakini mifumo mingi bado huficha kila kitu. Maelezo hayo yalikuwamo kwenye rasimu yetu, sentensi moja tu, katika sura ya kwanza, chini ya ule mstari mwekundu. Mwalimu aliiruka sura hiyo kwa sababu zile zile zilizowafanya wenzangu watake kuikata.

Hapo ndipo fikra yangu ilipoanza kujipanga. Maelezo ya msingi yalihitajika, tena na mtu mzoefu. Ila yalikuwa yamekaa mbali na mahali yanapohitajika, yamerundikwa pamoja mlangoni, na msomaji anayejiamini huupita mlango huo kwa haraka.

Mchana waliingia wanafunzi wa kidato cha pili. Kazi ilikuwa ndogo: andika insha fupi, ihifadhi ndani ya folda ya darasa, funga, kisha ifungue tena. Kuandika hakukuwasumbua. Kuhifadhi pia hakukuwasumbua. Walipoambiwa waifungue, msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu, nimeihifadhi. Sasa iko kwenye app gani?"

Swali hilo nililiandika neno kwa neno, kwa kuwa lina mantiki kamili. Yeye na wenzake wamekulia kwenye simu. Kwenye simu picha huishi ndani ya galari, wimbo ndani ya programu ya muziki, hati ndani ya WhatsApp. Simu ina folda pia, lakini imezificha, na mtu anaweza kuitumia miaka bila kufungua hata moja. Sisi tuliojifunzia kwenye internet kafe tulilazimika kujua faili imelala wapi, maana kesho yake ungekalia mashine nyingine, na kazi yako ilikuwa kwenye flashi mfukoni. Ujuzi ambao wenzangu waliuona wa kila mtu ulikuwa wa rika letu. Mwalimu akachora ubaoni: mkwaju mmoja (/) juu, chini yake home, chini yake jina la darasa, na insha mwishoni. Yeye mwenyewe hapo akaniuliza kimyakimya flashi yake imekwenda wapi, kwa kuwa alizoea kuiona kama E: au F:. Nikamwonyesha kwamba Linux haina herufi hizo. Flashi yake imetundikwa ndani ya mti ule ule, chini ya /media.

Kijana mmoja mwepesi alikuwa ametangulia. Rasimu ilisema kwa maelezo zaidi tumia man, amri inayofungua ukurasa wa maelezo wa amri nyingine, naye akaandika man ls. Ukurasa ukafunguka, na kutoka hakuweza. Akajaribu Escape, akajaribu Ctrl na C, mwishowe akafunga dirisha zima. Maelekezo ya kutoka yalikuwapo: mstari wa chini kabisa wa skrini husema bonyeza h upate msaada au q utoke. Lakini ni mstari mdogo, kwa Kiingereza, na macho ya anayeanza hayatafuti huko.

Kurasa za man zina historia inayoeleza ubahili wao. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo uliotangulia Linux, ulioandikwa na watunzi wake Ken Thompson na Dennis Ritchie, una tarehe ya 3 Novemba 1971, na uliandikiwa watu wa Bell Labs kule New Jersey. Karibu na kila amri liliandikwa jina la mwenyewe. Msomaji akikwama, aliyeitunga amri alikuwa jengo hilo hilo; angetembea hadi mlangoni kwake akamuuliza. Maelezo mafupi yalitosha kwa watu wa namna hiyo. Mwanafunzi wa Lushoto hana mlango wa kubisha, bali ana karatasi.

Linux yenyewe ilipozaliwa Helsinki mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, pengo hili lilionekana mapema. Matt Welsh, Lars Wirzenius na Michael K. Johnson walianzisha mradi wa kuandika miongozo yake, na kitabu cha Welsh cha kusakinisha na kuanza kutumia Linux kilimshika mkono mtu ambaye Unix hakuwahi kuiona. Kilichofuata katika miaka mingi ni kwamba watumiaji waliiva, waandishi wakaiva, na kila toleo likawa linamdhania msomaji kujua zaidi kidogo kuliko lililotangulia. Naliona hilo kuwa kosa kubwa. Waliopo wanaiva, lakini wanaoanza hawakomi kufika. Kila Januari shule ile inapokea kidato cha kwanza kipya.

Wenzangu watasema mwongozo mrefu unamchosha anayejua, na ni kweli. Daniele Procida, mtaalamu wa uandishi wa miongozo, ameonyesha dawa yake, na Ubuntu wameifuata: somo la kujifunzia, maelekezo ya kazi, marejeo, na ufafanuzi vitenganishwe, kila kimoja kikae kwake. Anayetafuta amri aikute upesi. Lakini kutenganisha si kufuta, na pale hatari ya kukwama ilipo, sentensi ya anayeanza ikae mstari mmoja na amri yenyewe.

Siku ya kuondoka umeme ulikatika, jambo la kawaida huko. Uliporudi, mashine moja haikuwaka sawasawa: skrini nyeusi na neno (initramfs) likisubiri. Mwalimu akafunua rasimu mbele na nyuma. "Hili liko ukurasa gani?" Halikuwepo. Hakuna kati yetu aliyeliwaza, maana sote tunafanyia kazi kwenye laptopu zenye betri. Nikamwonyesha: tafuta kwenye ujumbe jina la sehemu ya diski linaloanza na /dev, andika fsck na jina hilo, kubali marekebisho, kisha andika exit. Mashine ikawaka. Akachukua karatasi moja ya zile zenye mstari mwekundu, akaigeuza, akaandika hatua zote kwa maneno yake, ya kwanza ikiwa hii: usibonyeze swichi tena, soma kwanza.

Ukurasa huo sasa umo kwenye rasimu kama alivyouandika, na sura ya kwanza imebaki, ingawa sentensi zake nyingi zimerudiwa mbele, kila moja kando ya amri yake. Mwalimu ameshatuma swali jingine: printa ya ofisi ya walimu haichapi, na kila anayemuuliza anamwambia atafute draiva bila kumweleza draiva ni kitu gani. Tunaandika jibu wiki hii.